Barua ya Kurasa 33: Historia ya Usonji Kutoka Mississippi Hadi Ukambani

Kila tarehe 2 Aprili ni ile ile. Watu wanavaa bluu, wanaweka picha, wanaandika maneno matamu kuhusu usonji. Halafu chini ya picha lazima kuna msee mmoja ataandika: "Hii kitu ni ya siku hizi. Zamani huko ushago hakukuwa na watoto kama hao. Ni chanjo na simu." Na anapata likes mia tatu.

Leo nataka kumjibu huyo msee, na nitamjibu na historia.

Mimi ni mtu wa Kitui. Kampasi niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo usinitafutie digrii. Lakini hii stori nimeifuata kwa miezi kadhaa kwa sababu inagusa nyumba yetu, na nimegundua kitu ambacho sikuwahi kufundishwa shuleni. Watoto walikuwepo. Kilichokosekana ni jina lao, na njia ya kulifikia hilo jina. Na ukifuata vile hilo jina limesafiri, kutoka Amerika mpaka hapa, utaona mtu mmoja anajirudia kila mahali: mzazi. Daktari anakuja nyuma yake, serikali inakuja nyuma ya daktari, na sisi wa Kitui na Makueni tunakuja nyuma ya serikali.

Twende pole pole.

Mtoto wa kwanza alikuwa wa ushago

Ukifikiria mtoto wa kwanza duniani kuandikiwa usonji, pengine unafikiria mtoto wa New York. Hapana. Anaitwa Donald Triplett, alizaliwa 1933 katika mji mdogo sana unaoitwa Forest, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Huko ni mashamba tu. Ni Wote ya Marekani, tuseme hivyo.

Donald alikuwa haangalii watu. Alikuwa anazungusha vitu sakafuni. Alirudia maneno yale yale kila siku. Ukimbadilishia mpango kidogo tu, anawaka. Madaktari wa huko hawakujua ni nini, na mwaka 1937 wazazi wakashauriwa wampeleke kwenye taasisi, wamwache huko. Walimwacha karibu mwaka mzima, kisha wakamrudisha nyumbani.

Sasa hapa ndio historia inaanza. Babake, ambaye alikuwa wakili, alikaa chini akaandika barua ya kurasa 33. Aliandika kila kitu alichoona: anakula vipi, anaimba nini, anaogopa nini, amejua kuhesabu lini. Barua ikaenda kwa Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore. Mwaka 1938 wakampeleka Donald kwake. Kanner akaona wengine wanaofanana naye, na mwaka 1943 akachapisha makala kuhusu watoto 11. Donald ndiye nambari moja.

Umeona hiyo? Kabla daktari aandike chochote, mzazi alikuwa ameandika kurasa 33. Haki itendeke, Kanner hakuwa peke yake duniani. Daktari mwanamke wa Urusi, Grunya Sukhareva, alikuwa ameshaeleza watoto wa aina hiyo katikati ya miaka ya 1920, na Hans Asperger wa Vienna akaandika yake 1944. Lakini ni makala ya Kanner iliyosambaza hilo jina duniani, na hiyo makala ilianzia kwa daftari la mzazi wa kijijini.

Na nisikudanganye, hao wazazi walikuwa na pesa. Familia ya mamake Donald ilikuwa na benki. Ndio maana waliweza kusafiri kutoka Mississippi mpaka Baltimore. Jirani yao maskini, mweusi, mwenye mtoto kama Donald, hakuwa na Kanner wa kumwandikia. Weka hiyo akilini, tutarudi.

Jina lilivyochafuliwa

Wale watoto 11 wa Kanner wengi wao walitoka kwa familia zilizosoma sana. Bila shaka! Ni nani mwingine angeweza kumfikia? Lakini watu wakasoma ile orodha vibaya. Wakasema, aha, kumbe huu ni ugonjwa wa matajiri. Ugonjwa wa wazungu waliosoma. Hapo ndipo ule uwongo ulizaliwa, na bado uko mtaani kwetu mpaka leo: "Usonji ni shida ya wazungu."

Halafu ikawa mbaya zaidi. Kukatokea wazo kwamba mtoto anakuwa hivi kwa sababu mamake ni baridi, hampendi. Wakawaita hao wamama friji. Bruno Bettelheim alilipigia debe hilo wazo kwenye kitabu chake cha 1967, na wamama wakabeba lawama kwa miaka. Sasa linganisha na kwetu: mtoto haongei, ukoo unakaa kikao, na kidole kinaelekezwa kwa nani? Kwa mama. Amelaaniwa. Kwao kuna kitu. Alikula nini akiwa mjamzito. Profesa wa Chicago na jirani wa Mutomo walisema kitu kimoja, tofauti ni kwamba mmoja alichapisha kitabu.

Nani alivunja huo uwongo? Wazazi tena. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwanawe alikuwa na usonji, aliandika kitabu 1964 akaonyesha kwamba hii ni hali ya ubongo, si ukosefu wa mapenzi. London, kundi la wazazi lilianzisha chama mwaka 1962. Mmoja wao alikuwa Lorna Wing, daktari na mama wa msichana mwenye usonji. Ni yeye baadaye aliyefundisha dunia kwamba usonji uko wa namna nyingi: kuna mtoto asiyesema hata neno, na kuna mwenye maneno mengi lakini dunia inamchosha kwa kelele.

Mtu alikuja kuwatafuta watoto wetu

Hii sehemu ndio ilinifanya nikae kitako.

Miaka ya 1970 mtafiti anaitwa Victor Lotter alitaka kujua kama usonji uko Afrika. Alizunguka miji tisa katika nchi sita: Ghana, Nigeria, Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini, na Kenya ikiwemo. Aliangalia watoto zaidi ya 1,300 waliokuwa na ulemavu wa akili. Matokeo yake yalichapishwa 1978: watoto 9 tu ndio waliokuwa na usonji.

Watu wakasoma hiyo namba wakasema, si tulisema? Afrika hakuna.

Lakini angalia alitafuta wapi. Alitafuta mijini, na ndani ya taasisi. Jiulize, mwaka 1975, mtoto wa Kyuso asiyeongea alikuwa kwenye taasisi gani Nairobi? Alikuwa nyumbani. Alikuwa anachunga mbuzi, au amefungiwa nyumba ya nyuma wageni wakija, au anazunguka sokoni watoto wakimrushia mawe.

Susu wangu ana umri wa kukumbuka hiyo miaka. Nilimuuliza kama kulikuwa na watoto wa aina hiyo walipokuwa wadogo. Hakufikiria hata. Akaniambia juu ya kijana mmoja wa kijiji chao ambaye alipanga mawe mstari mmoja kutoka asubuhi mpaka jioni, hakuitikia jina lake, na ngoma za kilumi zikianza kulia alikimbia kichakani amejiziba masikio. "Tulisema ni mapepo yanaogopa ngoma," akasema. Hakuna aliyempima kijana huyo, kwa hivyo siwezi kumwandikia usonji leo kutoka kwa stori ya bibi. Ninachosema ni hiki: hata kama Lotter angekuwa mtu makini namna gani, huyo kijana hakuwa kwenye njia yake. Huwezi kuhesabu mtu ambaye haujafika kwao.

Mtu wetu alikuwa kwenye meza

Turudi Kenya, tuone serikali ilikuwa inafanya nini.

Wakati wa mkoloni, mtu ambaye akili yake ilionekana tofauti na amewashinda watu wake alikuwa na mlango mmoja mkubwa: Mathari, Nairobi, hospitali iliyofunguliwa 1910 kama mahali pa kufungia wenye wazimu. Watoto wenye ulemavu waliachiwa wamishonari na watu wa kujitolea. Salvation Army walifungua shule ya vipofu Thika mwaka 1946. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini angalia mfumo unaojengwa: tunasaidia ulemavu ambao macho yanauona. Asiyeona, asiyesikia, asiyetembea.

Halafu uhuru ukaja. Mwaka 1964 serikali ya Kenyatta ikaunda kamati ya kuangalia matunzo ya watu wenye ulemavu. Mwenyekiti alikuwa nani? Ngala Mwendwa, Waziri wa Leba na Huduma za Jamii. Mtu wa Kitui! Mtoto wa Chifu Mwendwa wa Kitavi, ndugu yake Kitili Mwendwa aliyekuja kuwa Jaji Mkuu. Mimi nimesoma Kitui kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha nne na hakuna mwalimu aliniambia kwamba kamati ya kwanza ya Kenya huru kuhusu ulemavu iliongozwa na mtu wetu.

Kazi ya ile kamati ilizaa sera ya serikali ya mwaka 1968, na vituo vya kufundisha watu wenye ulemavu ufundi vikafuata. Ushonaji, useremala, ngozi. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa, mimi siwezi kuidharau. Lakini ilikuwa inafikiria mtu mzima aliyekosa mguu na anayehitaji kazi. Mtoto wa miaka mitatu ambaye mwili wake uko sawa kabisa lakini haangalii mamake usoni, huyo hakuwa kwenye picha.

Mlango wa watoto ulianza kufunguka 1984. Kwa msaada wa Denmark, Kenya ikaanza vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum ili wajulikane wanafaa kusoma wapi. Ndivyo vile watu huita EARC, na vikasambaa kwenye wilaya. Mwaka 1986 ikaja KISE, taasisi ya elimu maalum, iko Kasarani, ya kufundisha walimu wa hao watoto. Hivi vitu viwili ukivikumbuka peke yake kwenye hii makala yote, nitashukuru, kwa sababu bado vipo na watu hawavijui.

Lakini hata hapo, usonji ulikuwa unafunikwa chini ya blanketi moja kubwa: "ulemavu wa akili."

2003: wazazi wanashika chaki

Mwaka 2003 ni mwaka wa maana. Kibaki ameingia, shule za msingi zimekuwa bure, watoto wamejaa madarasani mpaka dirishani. Na wazazi wachache wa Nairobi wakaangalia hiyo sherehe wakauliza: na wetu je?

Hao wazazi wakaanzisha Autism Society of Kenya, na mwaka huo huo, wakishirikiana na serikali, kikafunguliwa kitengo cha watoto wenye usonji ndani ya City Primary, Ngara. Shule ya umma ya kawaida. Si kliniki ya Westlands ya kulipa kwa saa. Mwisho wa mwaka huo huo Kenya ikapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu, iliyoleta Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo imekaa mpaka 2025, ambapo mpya ilichukua nafasi yake.

Umeona mpangilio tena? Forest 1938, London 1962, Nairobi 2003. Mzazi kwanza.

Na Ngara iko wapi? Nairobi. Kutoka Kitui mjini ni kama kilomita 170. Jina lilikuwa limefika Kenya, lakini limeshukia stendi ya Nairobi na halijapanda gari ya kuja huku.

Ofisi tatu, wakubwa tofauti

Ugatuzi ulipokuja 2013 watu walisherehekea, kwamba sasa huduma zinakuja nyumbani. Kwa mambo mengi ni kweli. Makueni ilianzisha mpango wa MakueniCare ambapo familia nzima ilikuwa inalipa shilingi 500 kwa mwaka inatibiwa kwenye hospitali za kaunti. Wote na Kitui mjini kuna hospitali kubwa za rufaa.

Lakini soma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Hospitali za kaunti: kazi ya kaunti. Chekechea: kaunti. Shule za msingi na elimu maalum: serikali ya kitaifa. Kadi ya ulemavu: Baraza, kitaifa pia. Sasa mtoto mwenye usonji yuko wapi hapo? Yuko kote. Kupimwa kwake ni hospitali, shule yake ni EARC, kadi yake ni Baraza. Ni ofisi tatu, na hakuna mtu amepewa kazi ya kumshika huyo mama mkono kutoka mlango mmoja kwenda mwingine.

Shangazi yangu anakaa upande wa Mutomo. Kijana wake sasa ana miaka minane. Alipokuwa na miaka miwili maneno machache aliyokuwa nayo yalipotea. Shangazi alimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya akaambiwa wavulana huchelewa, asubiri. Akasubiri mwaka. Akaenda hospitali nyingine akaambiwa masikio, yakapimwa, yako sawa, akarudishwa nyumbani bila barua ya kwenda popote. Katikati hapo alipitia kwa maombi ya usiku kucha, na kwa mundu mue aliyemla mbuzi wawili. Mwishowe mwanamke mmoja aliyekaa naye kwenye matatu ndiye alimwambia neno EARC. Mwanamke wa matatu! Kutoka siku maneno yalipotea mpaka siku mtu alimwambia "usonji" ilikuwa miaka mitatu na nusu.

Msimcheke kwa mundu mue. Utafiti uliofanywa Pwani ya Kenya na kuchapishwa 2015 ulipata kwamba wazazi wa huko pia wanachanganya yote: hospitali, mganga, maombi. Mtu anayezama hachagui tawi. Kama mganga yuko mita mia mbili na anakusikiliza saa nzima, na daktari yuko kilomita 70 na anakusikiliza dakika nne, wewe ungeenda wapi kwanza?

Na serikali yenyewe ikihesabu, inahesabu vipi? Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujitunza na kuwasiliana. Makueni ilitoka kati ya kaunti za juu kabisa, asilimia 4.1 ya watu walisema wana ulemavu, wakati kitaifa ni 2.2. Lakini usonji haukuwa na sanduku lake, na matokeo hayo yalikuwa ya walio na miaka 5 kwenda juu. Yaani ule umri wa miaka miwili, mitatu, minne, ambao msaada unafaa kuanza, haumo kabisa kwenye hesabu.

Tufanye hesabu yetu basi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ilipata watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Ukitumia kipimo hicho cha dunia, unapata karibu watu 16,700 katika kaunti hizi mbili. Si namba ya kuapia mahakamani, ni makadirio. Lakini ata ukikata nusu, bado unajaza uwanja. Wako wapi? Wako pale pale Lotter hakufika.

Sasa tufanye nini

Najua wengi wenu mnaonisoma hamna watoto. Lakini una dada, una binamu, una jirani. Wewe ndio "mwanamke wa matatu" wa mtu. Kwa hivyo shika hii ramani.

Moja: dalili haisubiri. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye haitikii jina lake, haonyeshi vitu kwa kidole, au mtoto wa umri wowote ambaye alikuwa na maneno yakapotea, apelekwe. "Wavulana huchelewa" si matibabu.

Mbili: hakuna kipimo cha damu cha usonji, na picha ya kichwa haiuonyeshi. Unatambuliwa kwa kumwangalia mtoto na kumsikiliza anayemlea. Masikio yapimwe kwanza, sawa, lakini yakiwa sawa usikubali kurudi nyumbani bila barua. Uliza daktari wa watoto kwenye hospitali ya rufaa. Uliza pia OT, wale wataalamu wa kumfundisha mtoto kula, kuvaa, kutumia mikono na kutulia. Hospitali kubwa za kaunti huwa nao, na wengi hawajui hata mlango wao uko upande gani.

Tatu: nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uulize EARC iko wapi. Huhitaji kujuana na mtu. Wao ndio wanamtathmini mtoto kwa ajili ya shule na kuandika barua. Kesi ikiwa ngumu, KISE wanapima pia.

Nne: kadi ya Baraza. Inahitaji mtoto apimwe kwenye hospitali iliyoidhinishwa. Na kama hali ni nzito, kuna pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini ni haki yake, si huruma ya chifu.

Tano: hii ndio yetu sisi wa simu. Kumbuka ile barua ya kurasa 33. Babake Donald alikuwa na mashine ya kupiga chapa, wewe una kamera. Mtoto akifika kwa daktari anaweza kulala, au kuogopa, na zile dakika nne zinaisha bila daktari kuona chochote. Mrekodi nyumbani: akiitwa jina, akicheza, akila, kelele ikianza. Video fupi fupi, na tarehe. Msaidie shangazi yako aandike daftari: lini alikaa, lini alisema neno la kwanza, lini lilipotea. Hiyo ndio barua yenu. Lakini iende kwa daktari peke yake. Ukiiweka TikTok ili upate views, umemuuza mtoto ambaye hawezi kukukataza.

Na kuna kitu kikubwa kuliko mtu mmoja mmoja. Sisi Wakamba tuna mwethya. Matuta ya mashamba yetu yalichimbwa kwa mwethya, shule nyingi zilijengwa hivyo, na mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni yalijengwa na vikundi vya wanakijiji wakibeba mawe. Hakuna aliyemwambia mwenye kiu asubiri Nairobi. Wazazi wa watoto wenye usonji wanaweza kufanya mwethya wao: nyumba ya mmoja leo, ya mwingine wiki ijayo, wengine wanalea, mmoja anaenda sokoni angalau apumue.

Makueni pia inajulikana kote kwa mikutano ya wananchi kupanga bajeti, kuanzia kijijini mpaka kwenye wadi zake 30. Kitui ina wadi 40, na Katiba ni ile ile. Watu huenda kwenye hiyo mikutano wakaitisha barabara na zahanati. Ni nani ameitisha mtaalamu wa matamshi? Ni nani amesema wahudumu wa afya wa kijijini wafundishwe dalili? Na si ndoto. Miaka ya 2010, Africa Mental Health Foundation ya Profesa David Ndetei ilifundisha wauguzi, matabibu na wahudumu wa jamii Makueni kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu magonjwa ya akili. Watu wale wale walioko kwenye vituo, kaunti ile ile. Mwongozo huo una sehemu ya watoto ambao ukuaji wao uko tofauti. Ilifanyika mara moja, inaweza kufanyika tena na safari hii ianze na watoto.

Namalizia na Donald, kwa sababu watu hawamalizangi stori yake. Alirudi Forest. Mji ukamzoea. Alisoma mpaka chuo, akafanya kazi kwenye benki ya familia, akaendesha gari, akacheza gofu, akatembea nchi nyingi peke yake, na akafa 2023 akiwa na miaka 89. Usonji haukumtoka hata siku moja. Alikuwa na pesa, ndio, lakini alikuwa pia na mji mzima wa watu waliojua jina lake na wakaamua ni mtu wao.

Kwa hivyo wewe msee wa "zamani hawakuwepo": walikuwepo. Mikutano ya bajeti ikitangazwa kwenu, enda. Useme ni watoto, useme wako wangapi kijijini, na uandikwe kwenye kitabu cha karani.